Saladi ya Fundi Obedi

Uongo wenyewe ulimtoka Obedi siku ya Alhamisi jioni, nje ya kanisa, baada ya mazoezi ya kwaya, mbele ya waimbaji wasiopungua kumi na wawili. Na kwa kuwa yeye huimba besi, ulimtoka kwa sauti iliyofika mpaka barabarani.

"Saladi? Mbona hiyo ndiyo kazi yangu! Matunda na mboga, nakata mwenyewe, nachanganya mwenyewe. Jumapili njoo kwangu uonje, Mama Yotham, halafu uniambie."

Ukweli ni kwamba Obedi hakuwahi kukata tango hata moja tangu azaliwe.

Lawama nyingine ni za jua. Ulikuwa mwezi wa kumi, na mwezi wa kumi Dodoma hauna huruma. Upepo unavuma moto, vumbi linaingia mpaka kwenye meno, na kuku wanatembea midomo wazi kama watu waliosikia habari mbaya. Waimbaji walikuwa wamejibanza kwenye kivuli cha ukuta, na Mama Yotham, ambaye jina lake ni Priska, alikuwa akijipepea kwa daftari la nyimbo. Alisema joto limemkata hamu ya ugali, hamu ya wali, hamu ya kila kitu kinachotoka jikoni kikifuka mvuke.

"Akitokea mtu akanitengenezea kitu cha baridi," alisema, "matunda na mboga mbichi, ukitafuna inalia kacha kacha, jamani, huyo nitamfuata hukohuko kwake."

Wote walicheka. Obedi hakucheka. Yeye alisikia maneno mawili tu, "nitamfuata" na "kwake", na kabla akili haijamshika shati, mdomo ulikuwa umeshafunguka.

Obedi alikuwa na miaka sitini. Thelathini na mmoja kati ya hiyo aliimaliza Mtera, kwenye mitambo ya kufua umeme pale bwawani, akipima vyuma, akikaza nati, akisikiliza mtambo unavyonguruma kama daktari anavyosikiliza kifua. Alistaafu mwezi wa sita, akahamia kwenye nyumba yake ya Ipagala aliyoijenga kidogo kidogo. Mkewe alifariki miaka saba iliyopita. Binti yake wa pekee, Erica, ni muuguzi Mbeya. Kwa upishi, Obedi alijua ugali, chai, na perege wa kukaanga. Basi. Hapo elimu yake ya jikoni ilikuwa imefika ukingoni.

Na Priska? Priska alikuwa mwalimu wa hesabu wa sekondari, mjane wa miaka hamsini na minne, mama wa kijana mmoja aliyeko kazini Tanga. Alikuwa na kicheko cha ajabu. Hakikuanza na sauti. Kilianza mabegani, mabega yakatikisika, macho yakafumba, kimya kabisa, mpaka watu wakadhani amepaliwa, ndipo sauti ikaja kwa mpigo mmoja na kumwangusha kila aliyekuwa karibu. Tangu Obedi akisikie kicheko hicho kwa mara ya kwanza mwezi wa saba, alikuwa akija mazoezini nusu saa kabla ya wakati.

Ijumaa asubuhi, kabla hata chai haijachemka, alimpigia Erica simu.

"Saladi inatengenezwaje?"

"Baba, unaumwa?"

"Siumwi."

"Presha imepanda? Niambie ukweli. Mtu wa umri wako akianza kuuliza habari za saladi, ametoka kupimwa."

"Nina mgeni Jumapili."

"Mgeni gani?"

"Wa kwaya."

"Wa kiume au wa kike?"

Obedi alitazama birika. "Anaimba sauti ya pili," alisema.

Erica alipiga ukelele, na nyuma yake Obedi akasikia mtu akiuliza kama mgonjwa wa kitanda cha tatu amezidiwa. "Baba! Baba yangu! Sikiliza, osha mikono, nunua vitu vibichi, usizidishe kitunguu, na uvae lile shati la bluu. Niko zamu, nitakupigia!" Akakata.

Basi Obedi akachukua kikapu, akaenda soko la Majengo. Alizunguka mara mbili kati ya mafungu ya nyanya, mikono nyuma, kama mkaguzi, mpaka mama mmoja mwenye ushungi wa rangi ya machungwa akamwonea huruma.

"Karibu, mzee wangu. Umepotelewa na nini?"

"Nataka vitu vya saladi, dada."

"Saladi ya namna gani?"

"Ile nzuri."

Mama huyo aliitwa Zaitun, mzaliwa wa Kolo, kule Kondoa, na alikuwa ameuza mboga miaka ya kutosha kumjua mtu kwa jinsi anavyoshika bilinganya. Obedi alikuwa ameishika kama tochi.

"Hiyo irudishe, haihusiki," alisema. "Watu wangapi?"

"Mmoja. Yaani wawili, na mimi."

"Aaa!" Zaitun akajiweka vizuri kwenye kigoda chake, na uso wote ukachanua. "Kumbe ni saladi ya aina hiyo. Kaa hapa, mzee wangu. Kaa. Toa daftari."

Obedi kweli alikuwa na daftari. Akakaa juu ya gunia la vitunguu, akaandika kila neno. Matango membamba, yenye ngozi inayong'aa, maana manene yana mbegu nyingi. Nyanya ngumu. Karoti ya kukwangua. Hoho moja. Embe lililoiva nusu, lenye uchachu kidogo. Tikiti maji, na hapo Zaitun akaligonga kwa kidole, akamlazimisha Obedi naye aligonge na kusikiliza. Katika yote ya asubuhi ile, hilo peke yake alilijua vizuri. Akainamisha sikio, akagonga, akagonga la pili, akachagua la tatu. Zaitun akalikata kipande: jekundu, tamu, baridi mpaka katikati.

"Wewe unaweza," alisema Zaitun. "Sasa zabibu. Hizi nyeusi za Hombolo, zimevunwa jana. Zikate nusu kwa nusu. Na majani ya giligilani, na karanga za kukaanga za kunyunyizia juu. Mchuzi wake ni ndimu, asali kijiko, mafuta ya alizeti, na hiki hapa." Akatoa kifuko cha unga mweupe. "Unga wa ubuyu. Kidogo tu. Unaufanya ulimi uruke."

"Na chumvi?"

"Chumvi ya mwisho kabisa, mgeni akiwa ameshakaa. Ukiitia mapema, tango linalia machozi yote."

Obedi akaandika: *Chumvi mwisho. Tango hulia.* Akapiga mstari chini yake.

Mchana huo akajifungia jikoni. Alianza kukata tango, akatazama vipande, na moyo wa fundi ukakataa: kimoja kikubwa, kingine kidogo, kingine kimelalia upande. Akaenda kabatini, akatoa ile rula yake ya chuma yenye taya mbili, ya kupimia unene wa vyuma, akaiosha kwa sabuni, akarudi. Milimita kumi kila upande. Tango, tikiti, embe, hoho. Kipande kilichozidi alikichonga, kilichopungua alikila. Saa mbili baadaye alikuwa na bakuli la miraba midogo midogo, sawasawa kama nati zilizotoka kiwandani, na tumbo lililojaa vipande vilivyofeli mtihani.

Kwa furaha akasahau mstari aliokuwa ameupiga. Akatia chumvi palepale, tena ya kutosha, akamalizia na vitunguu viwili vizima.

Jumamosi asubuhi aliimimina saladi hiyo kwenye hotipoti, akaipeleka sokoni. Zaitun alifungua mfuniko, akachungulia ndani, akamtazama Obedi, akachungulia tena.

"Mzee wangu, hii ni supu."

"Onja tu."

Zaitun alionja. Akakunja uso, macho yakamtoka maji. "Chumvi imemaliza matango. Na kitunguu kinapiga kelele. Wengine wote wapo humo, lakini hawasikiki."

Obedi akabaki amesimama. Hayo maneno alikuwa ameyasikia, neno kwa neno, kutoka kwa mwalimu wa kwaya, na aliyekuwa akiambiwa ni yeye. "Kumbe kitunguu ni mimi," alisema taratibu.

"Basi jipunguze," alisema Zaitun, akamjazia kikapu upya.

Na alijipunguza. Jumamosi alasiri alitumia nusu ya kitunguu, tena alikiloweka kwanza kwenye maji ya baridi, wazo la kwake mwenyewe. Akachanganya taratibu kwa vijiko viwili, akanyunyiza mchuzi, akatia chumvi kwa ncha za vidole, akaweka kijiko kimoja mdomoni.

Mama yangu! Tango lilivunjika kacha, tikiti likamwagika, zabibu ikapasuka, ndimu ikashika shavu hili, asali ikabembeleza lile, na ubuyu ukaja mwishoni ukamrusha ulimi kweli. Obedi alicheza. Mtu mzima wa miaka sitini, mwenye kitambi na miwani, alizunguka meza ya jikoni akiyumbisha mabega na kijiko mkononi, akaimaliza saladi nzima kwa kusimama, kisha akampigia Erica.

"Nimeweza!" alipaza sauti.

"Baba, niko kwenye basi."

"Waambie walio kwenye basi!"

Kosa lake la Jumapili lilitokana na hesabu. Ibada huisha saa saba, na mgeni wake alikuwa amemwalika saa nane, na yeye kukata hukata kwa milimita. Hakukuwa na muda. Kwa hiyo aliamka alfajiri, akakata kila kitu, akakipanga kwenye bakuli bila chumvi, akakiwekea mfuniko. Friji lake lilikuwa la zamani, alikuja nalo kutoka Mtera, na mlango wake wa chini haukufunga sawasawa. Kilichopoza ni friza tu. Hilo halikumtisha. Wiki nzima umeme wa mtaani kwao ulikuwa ukikatika saa tatu asubuhi na kurudi saa saba mchana, kila siku, bila kukosa. Akapiga hesabu kwenye daftari: saa mbili na nusu za baridi kali, halafu saa nne za friza iliyozimika, na ubaridi utabaki humohumo bila kuzidi. Saladi itatoka imepoa vizuri kabisa, kama maji ya kisima. Akaiweka kwenye friza, akavaa shati la bluu, akaenda kanisani akipiga mluzi.

Saa tatu ilifika. Obedi, akiwa kwenye safu ya besi, alitazama pangaboi lililokuwa juu ya madhabahu, maana kanisa na nyumba yake vilikuwa kwenye laini moja ya umeme. Lilikuwa linazunguka.

Saa tatu na nusu, linazunguka.

Saa nne, bado linazunguka, tena kwa kasi, likipepea vitambaa vya altare. Waumini walikuwa wamefurahi mno. Mchungaji mwenyewe alimshukuru Mungu kwa upepo mwanana. Obedi alianza kutoka jasho. Mtu aliyemaliza miaka thelathini na mmoja akihakikisha umeme wa nchi haukatiki, sasa alifumba macho na kuomba kwa moyo wake wote ukatike. Dakika kumi tu, Bwana. Hata tano. Hata ukate kwangu peke yake, hawa wengine uwaachie.

Alikuwa bado anaomba waliposimama kuimba. Besi walitakiwa kuingia kwenye mstari wa tatu. Obedi alifumbua macho, akaona pangaboi, akashtuka, akaingia kwenye mstari wa pili: "Haleluyaaa!" Peke yake. Kanisa zima. Kwenye safu ya mbele aliyaona mabega ya Mama Yotham yakianza kutikisika, na hayakutulia mpaka wimbo ulipokwisha.

Saa nane kamili hodi ilipigwa. Obedi alikuwa amefika nyumbani dakika tano kabla, maana kulikuwa na kikao cha kwaya kilichokuwa kirefu kama mwaka, na hakuwa amepata hata nafasi ya kufungua friza. Mlangoni alisimama Priska, amevaa gauni la kitenge la kijani, na pembeni yake bibi kizee mdogo, mwembamba, mwenye fimbo na macho makali.

"Nimekuja na mama," alisema Priska. "Alifika jana kutoka Mvumi. Amesikia kuna mwanaume anayetengeneza chakula mwenyewe, akasema hilo lazima alione kwa macho yake kabla hajafa."

"Mbukwenyi, mama," Obedi alimsalimu kwa Kigogo, akainama.

"Mbukwa," alijibu Bi. Matonya. Akamkagua kuanzia viatu mpaka miwani. "Ndiye huyu aliyeimba peke yake?"

"Ndiye, mama."

"Ana sauti." Akaingia, akaketi kwenye kochi, akasimamisha fimbo kati ya magoti. "Haya. Kiko wapi hicho chakula cha baridi?"

Obedi aliingia jikoni, akafungua friza. Ukungu mweupe ukampiga usoni. Bakuli lilikuwa limevaa theluji nje na ndani. Akaondoa mfuniko, akagonga kwa kijiko. Ngo, ngo, ngo. Akaligeuza bakuli kifudifudi juu ya beseni. Hakikudondoka kitu. Majani ya giligilani aliyoyapanga juu kwa madaha yalivunjika kama kioo chembamba.

"Fundi," sauti ya Priska ilisikika mlangoni, "nikusaidie kubeba?"

Obedi aligeuka haraka na kulificha bakuli mgongoni, kwa mikono miwili. "Hapana, hapana, kaa tu, wewe ni mgeni."

"Mbona unaruka ruka?"

"Siruki."

"Unaruka, Obedi."

Barafu ilikuwa inamchoma vidole. Alisimama mguu huu, akasimama mguu ule, akajaribu kutabasamu, na hatimaye mikono ikamshinda. Akalileta bakuli mbele.

"Mama Yotham, mimi ni mwongo," alisema. "Sijui saladi. Kabla ya juzi sikuwahi kukata tango. Nilisema vile kwa sababu ulisema utamfuata mtu kwake, nikaona huyo mtu asije akawa mwingine. Nikajifunza. Jana niliipata, naapa, jana ilikuwa tamu mpaka nikacheza. Lakini leo umeme haukukatika, na sasa imekuwa jiwe."

Priska alilitazama bakuli. Alimtazama Obedi. Akanyoosha kidole, akakigusa kipande cha tikiti kilichochomoza, akakirudisha kidole.

"Kwa hiyo pale kanisani," alisema polepole, "ulipokuwa umefumba macho kwa uchungu vile..."

"Nilikuwa naomba umeme ukatike."

Mabega yakaanza. Priska aliegemea mlango, akateleza nao mpaka chini, akakaa sakafuni na gauni lake la kijani, mkono kifuani, kimya, kimya, kimya, halafu kicheko kikaja. Kilijaza jiko lote. Sufuria zilikisikia. Obedi, aliyekuwa amejiandaa kwa fedheha, alijikuta naye ameketi sakafuni, bakuli mapajani, anacheka mpaka miwani imejaa ukungu.

"Kuna nini huko?" Bi. Matonya aliita. Fimbo ikasikika ikija. Bibi akasimama juu yao, akawatazama wote wawili, kisha akainama, akabandua zabibu moja kwa ncha ya uma, akaitia mdomoni.

Akafumba macho. "Uwii!" alisema. Shavu likavimba, likahama upande wa pili. "Uwii, jamani! Inauma kichwa! Nipe nyingine."

"Mama, imeganda," alisema Priska akijifuta machozi.

"Najua imeganda. Nina meno manne, unadhani hayo matango yenu ningeyatafuna na nini? Hii inayeyuka yenyewe." Akalichukua bakuli mapajani mwa Obedi, akalikumbatia, akarudi nalo sebuleni, na kutoka huko wakawa wanasikia uma ukichimba: ngo, ngo, na baada ya kila ngo, kilio kidogo cha raha.

Priska alinyanyuka, akajifunga khanga kiunoni, akaosha mikono.

"Kumebaki nini?"

Kulikuwa na nusu ya tikiti, matango mawili, nyanya, embe moja, nusu ya kitunguu, zabibu chache, ndimu, karanga na unga wa ubuyu. Nyuma ya nyumba kulikuwa na mpapai, na Obedi akatoka mbio akarudi na papai lililoiva ubavu mmoja.

"Haya, wewe ndiye mpishi," alisema Priska. "Nielekeze."

"Mimi nikuelekeze wewe?"

"Mimi nimealikwa. Nikate nini?"

Basi Obedi akamwelekeza. Maneno ya Zaitun na ya kwake mwenyewe yakaanza kumtoka: mbegu hizi toa, hii usimenye yote, kitunguu loweka kwanza. Walikata bega kwa bega, na jiko lilikuwa dogo, kwa hiyo kila mmoja alipofuata kitu, mwingine ilibidi ajikunyate, na kila walipojikunyata walicheka bila sababu. Juisi ya tikiti ilitiririka mpaka kwenye viwiko. Priska aliiba kipande cha embe, Obedi akajifanya hakuona, Priska akaiba cha pili ili aonekane. Ndipo alipoiona ile rula ya chuma, imeegeshwa kando ya visu.

"Na hiki nacho?"

"Cha kupimia."

"Kupimia nini?"

Obedi alikohoa. "Tango."

Priska aliweka kisu chini. Akaichukua, akaifungua taya zake kama mtu anayezijua, akakishika kipande alichokuwa amekikata Obedi dakika ile, akakipima. Akakipima upande wa pili. Mwalimu aliyefundisha hesabu miaka thelathini, akasoma namba, akasoma tena.

"Kumi," alisema. "Na huku kumi."

"Nilitaka visipishane."

Safari hii hakucheka. Alikiweka kile kipande kwenye kiganja. "Watu wamenipa vitu vingi katika maisha yangu, Obedi," alisema. "Lakini hakuna aliyewahi kunipimia tango." Akakitia kipande mdomoni. Kacha.

Walikula sebuleni, kwenye bakuli moja kubwa, kwa kuwa jingine lilikuwa limeshikiliwa na Bi. Matonya ambaye hakutaka kuliachia. Chumvi Obedi aliitia mbele yao, wakiwa wamekaa, kwa ncha za vidole. Priska alionja kijiko cha kwanza, akatulia, macho yakampanuka, akapiga paja.

"Hii ni nini? Nini kinachorusha ulimi?"

"Ubuyu."

"Ubuyu! Kwenye saladi!" Akala kijiko cha pili, cha tatu, akaacha kuongea. Nje jua lilikuwa likipiga mabati mpaka yanalia, na ndani humo ilikuwa kama mvua imenyesha. Papai likayeyuka, karanga zikapasuka, ndimu ikawakunja nyuso wote kwa pamoja. Obedi alimtazama Priska akifuta mchuzi kidevuni kwa nyuma ya mkono, kama mtoto, na kitu kikamjaa kuanzia tumboni kikipanda juu kwa kasi, na hakukuwa na njia ya kukizuia.

"Mama Yotham," alisema, mdomo umejaa tikiti, "mimi nakuomba tuoane."

Hayo ndiyo aliyokusudia. Kilichosikika kilikuwa kitu kingine kabisa, na mbegu moja ikamruka.

Priska alimtazama. "Meza kwanza."

Obedi alimeza. Ilikuwa safari ndefu. "Nasema, mimi na wewe. Sitaki nikuharakishe. Lakini mimi nimeshajua, na kunyamaza nimeshindwa. Nakuomba tuoane."

Uma kwenye kochi ulisimama. Mabati yalilia. Priska akatazama bakuli, akamtazama Obedi tena, na mabega yake yakaanza kutikisika, akayashika kwa mikono yake mwenyewe ili yatulie, yasitulie.

"Amekubali," alisema Bi. Matonya.

"Mama! Sijasema kitu!"

"Nimekuzaa mimi. Baba yake Yotham alipokuja, ulitikisika hivyohivyo, tukangoja jibu mpaka chai ikapoa. Mimi sasa nina miaka themanini na moja, sina muda wa kungoja tena. Amekubali, mwanangu. Niongeze zabibu."

Obedi alimtazama Priska, hakuthubutu kupumua. "Ni kweli?"

"Ni kweli," alisema Priska, na kicheko kikamtoka kwa mpigo, kikachanganyika na machozi, na haikujulikana kipi ni kipi. "Ni kweli, Obedi. Ndiyo. Jamani, ndiyo!"

Saa kumi na moja aliwasindikiza. Jua lilikuwa limeanza kulegea na barabara ya Ipagala ilikuwa na rangi ya dhahabu. Bi. Matonya alitangulia mbele, akikataa kushikwa mkono, akitembea haraka kupita umri wake, na kila akikutana na mtu, amjue asimjue, alimsimamisha.

"Mwanangu anaolewa," alikuwa akisema, akionyesha nyuma kwa fimbo. "Na fundi. Yule mwenye shati la bluu."

Watu waligeuka kutazama. Wengine walipiga vigelegele palepale, bila kuuliza zaidi. Priska alijifunika uso kwa khanga. "Mpaka tufike nyumbani, Dodoma nzima itakuwa imejua," alisema.

"Mwache," alisema Obedi. Hakujua mikono yake aiweke wapi. Aliiweka mfukoni, akaitoa, akaipeleka nyuma, akairudisha mbele, mpaka Priska akachoka kuitazama ikihangaika, akaukamata mmoja na kukaa nao.